Ameanguka Mara Ngapi?

Daktari wa kifafa haanzi kwa kukuuliza unaumwa wapi, maana siku ya kliniki huumwi popote. Anachotaka ni hesabu. Tangu tuonane umeanguka mara ngapi? Mishtuko mikubwa mingapi, midogo mingapi? Usiku au mchana? Mdogo wangu, ambaye ndiye mgonjwa, hapo hugeuka akanitazama. Yeye hawezi kujibu. Kifafa chake humchukua kwa dakika moja au mbili, na kikimrudisha hana habari kuwa alikuwa ameondoka. Kwa hiyo daftari nalibeba mimi, na daftari hilo limeamua mambo mengi: dawa ipi iongezwe, ipi iachwe, na hatimaye kwamba ashonewe betri kifuani.

Sisi ni watu wa Muheza, mkoani Tanga. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya malaria ilipompanda kichwani, akashikwa na degedege lisilotaka kuachia. Bibi yetu alifanya alichokijua, akamfukiza kinyesi cha tembo. Mama naye akafanya alichokijua, akamfunga mgongoni na kumkimbiza hospitali. Malaria ikapona. Kifafa kilikuja baadaye sana, alipokwisha kuvunja ungo, na madaktari wa Uingereza walipoisikia historia hiyo hawakushangaa hata kidogo. Degedege refu la utotoni linaweza kuacha kovu sehemu ya ubongo iliyo usawa wa masikio, na kovu hilo likakaa kimya miaka mingi kabla ya kuanza fujo.

Mshtuko wake mdogo ukiuona mara ya kwanza huwezi kujua kuwa ni kifafa. Husema tu, "Dada, kinapanda," yaani kitu anachokisikia kikitoka tumboni kuja kooni. Halafu macho hubaki wazi lakini hayakuoni. Midomo huanza kutafuna kisichokuwepo. Mkono wa kulia hushika pindo la mtandio na kulifinyangafinyanga, kwa utulivu, kama mtu anayewaza. Ukimwita haitiki. Mshtuko mkubwa ni ule ambao kila mtu anaujua, wa kuanguka na kutoka povu. Huo ndio uliomwunguza mkono tulipokuwa bado nyumbani, alipoangukia mafiga na watu wazima waliokuwepo wakasita kumvuta kwa kuogopa mate yake. Povu la kifafa haliambukizi. Naiandika sentensi hiyo peke yake kwa sababu bado inahitajika.

Aliolewa akaja Birmingham, mjini nilikokuwa tayari nikifanya kazi ya kutunza wazee. Nyumbani alikuwa akitumia kabamazepini, pale ilipopatikana. Huku alianzishiwa lamotrijini, kisha levetirasetamu, ambayo ilipunguza mishtuko kidogo na kumzidishia hasira mno, hata shemeji akawa ananipigia simu akinong'ona kutoka bafuni. Valproeti hakupewa, kwa kuwa huweza kudhuru mimba na yeye alikuwa bado na umri wa kuzaa. Mwezi wa Ramadhani tukapanga vidonge kwa daku na futari, na mwezi huo ulipoangukia kiangazi, siku za Uingereza zinapokuwa ndefu kupita kiasi, daktari akamkataza kufunga. Akakubali kwa machozi.

Kuna utafiti mmoja ambao kila daktari wa kifafa anaujua. Ulichapishwa mwaka 2000 na Patrick Kwan na Martin Brodie wa Glasgow. Kati ya wagonjwa 470 ambao hawakuwahi kutibiwa kabla, asilimia 47 walitulia kwa dawa ya kwanza. Dawa ya pili au ya tatu ikawatuliza asilimia 14 wengine. Kwa kuchanganya dawa mbili waliongezeka asilimia 3 tu. Waliobaki, zaidi kidogo ya theluthi, waliendelea kuanguka. Mwaka 2010 shirikisho la kimataifa la wataalamu wa kifafa likaweka mpaka: mgonjwa akishatumia dawa mbili, zilizochaguliwa vizuri na kumezwa ipasavyo, na bado anaanguka, kifafa chake ni sugu. Naomba msomaji auweke mpaka huo akilini, hasa yale maneno ya "kumezwa ipasavyo", kwa sababu nitakapofika Muheza nitauhitaji.

Kifafa sugu humpeleka mgonjwa kwenye chumba cha kamera. Hulazwa siku kadhaa, nyaya zimebandikwa kichwani, kamera inamtazama usiku na mchana, na dawa hupunguzwa makusudi ili aanguke mbele ya mashine. Barua ya hospitali ilisema nywele ziwe safi, zisizosukwa, bila mafuta. Kwa mwandishi wa ile barua lilikuwa jambo dogo. Usiku wa kuamkia siku ile nilikaa kitandani nikiifumua mistari yake ya twende kilioni mmoja mmoja kwa mkia wa kitana, tukaziosha nywele mara mbili kuondoa mafuta ya nazi, na asubuhi akaingia hospitali amevaa mtandio juu ya kichwa ambacho hakutaka mtu yeyote akione. Fundi wa vipimo, kijana mpole wa Kihindi, alimpima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, akatia alama kwa kalamu nyekundu, kisha akabandika elektrodi kwa gundi inayonuka rangi ya kucha. Mdogo wangu akasema angalau mara hii wametupaka manukato.

Majibu hayakuwa tuliyoyaombea. Mishtuko mingine ilianzia upande wa kushoto wa ubongo, mingine upande wa kulia. Ingekuwa upande mmoja tu, wangeweza kuikata ile sehemu, na upasuaji huo ukimfaa mgonjwa ndio wenye matumaini makubwa zaidi ya kumponya kabisa. Pande zote mbili hazikatwi. Wataalamu walijifunza hilo kwa gharama ya mtu mmoja, Henry Molaison. Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimwondolea sehemu za ndani za pande zote mbili ili kutuliza kifafa chake. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya. Watu aliozoeana nao kila siku walikuwa wageni kwake kila walipoingia mlangoni.

Ndipo tulipoambiwa habari ya umeme.

Mama aliposikia kwenye simu alinyamaza, halafu akauliza, "Umeme wa ukutani?" Nikamweleza nilivyoelezwa. Shingoni hupita neva ndefu iitwayo vagasi, inayounganisha ubongo na moyo, mapafu na tumbo. Nyuzi zake nyingi, kama asilimia 80, hazitoi amri kwenda chini. Hupeleka habari juu. Kwa hiyo ukiigusa kwa mkondo mdogo wa umeme pale shingoni, ubongo hupata ujumbe bila fuvu kufunguliwa. Jacob Zabara, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Temple kule Philadelphia, alilijaribu wazo hilo kwa mbwa. Binadamu wa kwanza aliwekewa kifaa huko North Carolina mwaka 1988. Ulaya ilikiruhusu 1994, Marekani 1997. Hutumika neva ya kushoto kwa sababu ya kulia ina mkono mrefu zaidi kwenye moyo. Betri hukaa chini ya mtulinga, waya hupita chini ya ngozi hadi shingoni na kuizungukia neva. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, huamka na makovu mawili. Mama alisikiliza yote hayo akasema, "Basi Mungu awaongoze mikono," na akataka kujua nani atapika hapo nyumbani wakati wa kujiuguza.

Kifaa hakiwashwi kwa nguvu siku ya kwanza. Nesi wa kifafa, mwanamke wa Wales mwenye sauti kubwa, huweka kitu kama rimoti juu ya kifua na kubonyeza tableti: robo ya miliampea, wiki kadhaa baadaye robo nyingine, na kuendelea hivyo. Mpangilio wa kawaida ni umeme kwa sekunde 30 na mapumziko ya dakika 5, usiku kucha, mchana kutwa. Na kwa kuwa tawi la neva hiyohiyo ndilo linaloendesha sauti, kila umeme unapopita sauti hukwaruza. Ukizungumza naye unasikia: maneno yanatoka sawasawa, ghafla yanaingia mchanga, kisha yanatakata. Kwa miezi mama aliamini mwanawe ana mafua yasiyopona, akawa anasisitiza tangawizi.

Kilichomuuma mdogo wangu ni kasida. Katika kikundi chao cha akina mama yeye ndiye aliyekuwa akianzisha, na sasa katikati ya beti sauti ilimkimbia na wenzake wakalazimika kuipokea. Alifikia kutaka kitolewe. Nesi akamwonyesha jambo ambalo mpaka leo naliona ni la ajabu: kifaa huja na sumaku. Ukiipitisha kifuani mara moja na kuiondoa, betri hutoa umeme wa ziada papo hapo, na wengine huweza kuukatiza mshtuko ukiwa ndiyo kwanza unapanda. Lakini ukiikalisha sumaku palepale juu ya betri, kifaa hunyamaza mpaka uiondoe. Siku za Maulidi basi huibandika kwa plasta ndani ya gauni, anasoma kasida yake yote, anaibandua, umeme unarudi kazini. Sumaku hiyohiyo ilishamuulia shemeji kadi ya benki, lakini hayo ni mambo yao.

Sasa nirudi kwenye daftari. Mwaka wa kwanza ukurasa haukubadilika kiasi cha kujivunia. Shemeji alikata tamaa kabla ya mgonjwa. Mwaka wa pili mishtuko mikubwa ikaanza kuachana, na midogo ikawa mifupi. Nilidhani ni bahati yetu, kumbe ndiyo tabia ya tiba hizi za umeme: nyingi huongezeka nguvu kadiri miaka inavyopita, na hakuna anayejua kwa hakika kwa nini. Inaelekea ubongo wenyewe hujipanga upya polepole. Kwa kifaa cha shingoni, takribani nusu ya waliowekewa hufikia kupungukiwa na mishtuko kwa nusu au zaidi. Wanaoacha kuanguka kabisa ni wachache. Na vidonge haviachwi. Mdogo wangu bado anameza aina mbili asubuhi na jioni.

Kuna njia nyingine zinazoingia ndani zaidi. Ipo ya kutia elektrodi katikati kabisa ya ubongo, kwenye thalamasi, kituo kinachopitisha habari kutoka kila upande. Utafiti wake mkubwa, ulioongozwa na Robert Fisher wa Stanford na kuchapishwa 2010, uliwawekea kifaa watu 110, kisha wakagawanywa makundi mawili: wengine kikawashwa, wengine kikaachwa kimezimwa, na wenyewe hawakujua wako kundi gani. Mwisho wa miezi mitatu, waliowashiwa walipungukiwa na mishtuko kwa asilimia 40. Na waliozimiwa? Wao nao walipungukiwa, kwa asilimia 14.5. Namba hiyo ya pili ndiyo iliyonikalia kichwani. Wamepasuliwa, wametiwa nyaya, hakuna umeme wowote unaopita, na bado hesabu za madaftari yao zimepungua. Baada ya miaka mitano vifaa vikiwa vimewashwa kwa wote, upungufu ulifika asilimia 69, kwa hiyo sidharau umeme. Lakini tangu niisome hiyo 14.5 naitazama miezi mizuri ya mwanzo kwa jicho la pembeni. Matumaini nayo hupunguza tarakimu, kwa muda.

Halafu kuna aibu ya daftari lenyewe. Mwaka 2007 watafiti wa Bonn, Ujerumani, waliwalaza wagonjwa kwenye chumba cha kamera na kuwaomba waandike kila mshtuko wao. Zaidi ya nusu ya mishtuko iliyonaswa na mashine haikuandikwa na wagonjwa, na ya usingizini mingi mno ilipita bila kuandikwa. Nilipolisoma hilo niliuliza: basi hesabu yangu ni ya nini? Nesi alicheka. "Andika vivyo hivyo," akasema, "ila andika kila siku kwa namna ileile. Mizani ikiwa na kasoro ileile kila siku, bado utajua kama gunia linapungua."

Wamarekani wamejaribu kuliondoa daftari kabisa. Kifaa chao cha aina nyingine, kilichoruhusiwa huko mwaka 2013, hupachikwa ndani ya mfupa wa fuvu na nyaya zake hukaa mahali mishtuko inapoanzia, hata kama ni mahali pawili. Hicho hakipigi kwa saa, kinasikiliza. Kikisikia dalili za mshtuko kinajibu, na kinaandika. Kumbukumbu zake za miaka ndizo zilizowafunulia wataalamu kwamba kwa wagonjwa wengi kifafa kina misimu yake ndani ya ubongo: siku kadhaa za kupanda, siku kadhaa za kushuka, kila mtu na mzunguko wake. Mdogo wangu aliposikia hayo hakuvutiwa. "Mimi nilishawaambia," akasema, na kweli alishasema miaka mingi, ila hakuwa na mashine ya kumshuhudia.

Ndugu wa nyumbani nao hutuletea habari kwenye simu. Ilipotangazwa mwaka 2024 kwamba mvulana mmoja wa Somerset alikuwa amewekewa kifaa cha namna mpya kwenye fuvu lake katika hospitali ya Great Ormond Street, London, kinachochajiwa kwa kuvaa hedifoni, tulitumiwa video hiyo na kila mtu, akiwamo mjomba ambaye hajawahi kututumia hata salamu za Idi. Na kila anayetuma huongeza swali lilelile: huyu wetu amepona?

Hatujui la kujibu. Ukisema ndiyo, unadanganya. Mwezi uliopita alianguka bafuni. Ukisema hapana, wanahesabu kuwa mashine imeshindwa na kuanza kupendekeza waganga. Mdogo wangu mwenyewe ana kipimo chake kisichoingia kwenye safu za daftari langu. Anasema zamani akizinduka alikuwa hajui aliko, na siku nzima ilipotea kwa kulala na kichwa kuuma. Sasa akizinduka hujua jina lake, hujua mimi ni nani, na baada ya chai huendelea na alichokuwa akikifanya. Kwa hesabu ya kliniki huo ni mshtuko mmoja kama mwingine. Nimelazimika kuchora safu mpya, "amezinduka baada ya muda gani", na sasa nesi naye huiuliza.

Tulipokwenda Muheza likizo, jirani mmoja alimleta mwanawe wa kiume, mtoto wa shule ya msingi ambaye hakuwa anakwenda shule kwa sababu ya kuanguka. Jirani akamgusa mdogo wangu kovu la shingoni, kwa adabu, akauliza hiyo mashine yauzwa kiasi gani. Nilikuwa nimejiandaa kueleza bei, kwamba Marekani kuwekewa ni makumi ya maelfu ya dola na betri ikiisha lazima kufunguliwa tena, kwamba pasipo na nesi mwenye ile tableti kifaa hakiwezi kurekebishwa. Mdogo wangu akanitangulia kwa swali: "Shoga, mtoto anakunywa dawa gani?"

Alikuwa amewahi kupewa fenobabitoni. Alikunywa pakiti moja, akatulia, mama akaona amepona, dawa ikaachwa, akaanguka vibaya zaidi, na ukoo ukakata shauri kwamba dawa za hospitali ndizo zinazomuudhi aliye ndani yake. Sasa ule mpaka wa dawa mbili. Mtoto yule hakuwa na kifafa sugu. Hakuna dawa hata moja iliyopata nafasi ya kushindwa. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa vizuri, na kwamba katika nchi maskini robo tatu yao hawapati tiba wanayohitaji, ilhali dawa ya mwaka mzima inaweza kugharimu kiasi kidogo kama dola 5. Na hili kwetu si geni. Mahenge, kusini mwa Morogoro, daktari wa Kinorwei Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawagawia fenobabitoni watu waliokuwa wakifichwa vibandani, na wengi wakarudi mashambani kwao. Hiyo ni zaidi ya nusu karne iliyopita, kwa kidonge kilekile ambacho mtoto wa jirani yetu alikunywa pakiti moja.

Mdogo wangu alikaa na yule mama barazani mchana mzima. Alimwambia mambo mawili tu ya maana, mengine yalikuwa maongezi: kwamba mashine haijamwondolea yeye kidonge hata kimoja, na kwamba fenobabitoni haikatizwi ghafla hata mtoto akiwa mzima namna gani. Asubuhi yake wakaenda pamoja kituo cha afya. Mtoto akapimwa uzito, akaandikiwa dawa ya usiku, akarudi shule muhula uliofuata, akisinziasinzia darasani wiki za mwanzo.

Mama yake hututumia sauti kwa simu. Miezi mingi kimya, halafu mwezi mmoja kituo kikaishiwa dawa na mtoto akaanguka tena. Tangu hapo tunamtumia pesa kidogo anunue duka la dawa akiba ya mwezi mmoja mbele, na mdogo wangu humpigia kila mwisho wa mwezi kuuliza vidonge vilivyobaki ni vingapi. Anasubiri ajibiwe kwa tarakimu. "Vipo vipo tu" haipokei.